Samaki Wasio na Kwao

Zuhura mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Mama Neema, na kwa wingi wa nywele zako najua hutarudi kabla ya alasiri kwisha. Nimepata nafasi ya saa tatu, pengine nne. Nimeketi kitandani pako kando ya sanduku, na daftari la mdogo wako magotini, na kalamu hii ambayo wino wake unakatika kila mstari wa tatu. Kesho asubuhi unapanda boti ya Kigoma, na baada ya Kigoma sina tena picha ya mahali utakapokuwa. Dar es Salaam nimeiona kwenye televisheni. Madagaska, unakokwenda kusoma, nimeisikia kutoka mdomoni mwako tu.

Mambo ya pasipoti, ya sindano ya homa ya manjano, ya kulala na mkoba chini ya kichwa, mjomba wako Ramazani amekwisha kuyasema mara tatu, na mara ya nne atayasema bandarini mbele ya watu. Nimemwachia. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo hakuna mwingine wa kukuambia. Ni juu ya wale samaki tuliowamwaga ziwani ulipokuwa na miaka saba. Hadithi uliyoiandika ili upate bursi ya masomo, ile ya mama aliyeokoa samaki, si ya kweli. Uliyoyaona wewe yalitokea kweli. Lakini mimi najua yaliyofuata, na nimeyajua kwa miaka mitano, na nilikuacha uandike.

Nianze pale unapokumbuka, ili usiseme nakuchanganya.

Unaikumbuka nyumba ya samaki, maana ulikuwa unalala mchana kwenye magunia yake. Sasa ziwa limeimeza hadi madirishani, lakini wakati ule ilikuwa na uwanja mzuri mbele na matangi ya saruji mistari miwili. Patro, yule mzungu aliyenunua samaki wa rangi ili kuwapeleka Ulaya wakakae ndani ya vioo vya watu, hakuwa akija zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Kazi tulifanya sisi. Papa Kiza alizama na mpira wa hewa mdomoni na wavu mkononi. Mimi nilipokea, nilibadilisha maji, niliwanyima chakula siku mbili kabla ya safari wasije wakachafua mifuko, kisha nilifunga mifuko. Na kila tangi nililiandika kwa chaki jina la ufuko samaki walikotoka. Hili nataka ulishike. Mimi ndiye niliyeandika yale majina. Tangi la Mpala, tangi la Moba, tangi la hapa hapa nyuma ya nyumba. Kwa miaka sita niliandika majina hayo kila wiki, na sikujiuliza hata siku moja kwa nini Patro alikuwa mkali hivyo nikikosea.

Kisha ndege ya mizigo ikaacha kutua. Barabara zilikuwa na watu wenye bunduki, kila mtu alikuwa anangoja kusikia habari za kwao, na Patro akapiga simu kutoka mbali akasema biashara imekwisha, samaki waliobaki tuwatupe. Alisema hivyo hivyo, tuwatupe. Papa Kiza akauliza, tuwale? Wadogo vile, hata sufuria ingecheka.

Niliwaangalia wale wekundu wa Mpala. Unajua wanavyozaa, wewe sasa ndiye wa kunifundisha: jike hubeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa bado anawafungia humo humo, na siku zote hizo hali karibu kitu. Wengi katika tangi lile walikuwa na midomo iliyojaa. Nilikuwa nimempoteza mdogo wako wa pili miezi minne kabla. Sisemi hili ili unihurumie, ndivyo ilivyokuwa tu. Nilisema hawa hawatakufa katika saruji.

Kwenda Mpala hakukuwezekana. Hatukuwa na mtumbwi wenye mashine, na njia haikuwa na amani. Nikachukua mabeseni, nikakupa lile la bluu, tukashuka kwenye mawe nyuma ya nyumba. Yaliyosemwa pale uliyaandika vizuri, nayakumbuka kwa Kifaransa chako na kwa Kiswahili chetu. Uliniuliza, "Mama, tunabapeleka wapi?"

Nikakujibu, "Tunabarudisha kwabo."

"Kwabo njo wapi?"

"Njo mu ziwa. Maji njo moya."

Ukacheka, ukainamisha beseni. Hapo hadithi yako inaishia, na ni pazuri pa kuishia. Ulichokiacha, kwa sababu ulikuwa umeshatangulia mbele kwenye mawe, ni Papa Kiza. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kaptula yake imelowa, akasema, "Mama Zuhura, bale bekundu habako ba hapa. Usibachanganye na ba hapa."

Zuhura, nilimgeukia mtu yule mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, nikamwambia, "Papa Kiza, na we unaanza ukabila ya samaki?"

Wanawake walicheka sana. Neno lile lilizunguka mtaani wiki nzima. Yeye hakucheka. Akasema, "Miye nasema kile naonaka kule chini," akachukua wavu wake akaenda.

Nataka uelewe kwa nini ulimi wangu ulikwenda pale. Babu yangu alitoka Ujiji na biashara, akaoa Mholoholo hapa. Papa yako ni Mtabwa, Mkristo wa Moba, na siku ya ndoa yetu shangazi zangu walikaa nje ya uwanja wamenuna mpaka wali ulipotoka jikoni. Maneno ya huyu si wa hapa nimeyasikia maisha yangu yote, yakisemwa juu yangu, juu ya papa yako, na juu yako ukiwa bado tumboni. Miaka ile watu walikuwa wanakatana mapanga kule Nyunzu kwa maneno hayo hayo. Kwa hiyo Papa Kiza alipofungua kinywa, sikusikia habari za samaki. Nilisikia shangazi zangu.

Lakini yeye alikuwa akisema habari za samaki tu. Alikuwa mtu aliyekaa chini ya maji miaka ishirini, akijua mawe yale kwa kupapasa, na alijua kwamba samaki wa mawe havuki mchanga. Mahali mawe yanapokwisha na mchanga kuanza, yeye hugeuka. Hana ukuta wala mlinzi, anageuka tu. Ndiyo maana wa hapa walikuwa weusi wenye mshipi wa njano, na wa Mpala wakawa wekundu kama kutu, na wa Moba wakawa na rangi yao, ziwa likiwa moja na maji ni yale yale.

Miaka ikapita. Wewe ukaenda Kisangani kusoma wanyama, na nyumba nzima ikajua kuwa ulipenda wanyama tangu siku ya beseni la bluu. Nami nilikuwa nalisema hilo kwa majivuno. Siku moja, ulipokuwa mwaka wako wa tatu, Papa Kiza akaja hapa nyumbani na ndoo. Alikuwa amezama nyuma ya nyumba ya zamani kumtafutia mtu nanga. Hakukaa. Akasema, "Angalia mwenyewe."

Ndani ya ndoo kulikuwa na samaki watano. Hawakuwa weusi na hawakuwa wekundu. Walikuwa na rangi kama ya chai iliyolala, na mmoja alikuwa na alama ya njano ubavuni iliyofifia, mtu angedhani ni uchafu. Nikamwuliza, "Huyu njo wa wapi?"

Papa Kiza akasema, "Huyu? Hana kwabo."

Nilimwuliza kama hakuna wale wa zamani, wenye mshipi. Akaniambia amezunguka mawe yote, tangu asubuhi, na hakuwaona. Nikamwomba awavue wekundu wote waliobaki, atoe mmoja mmoja, nitamlipa kwa namna yoyote. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto. Wekundu hawapo tena, alisema. Weusi hawapo. Kuna hawa. Nitamtoa nani, nimwache nani?

Nilikwenda nikasimama kwenye yale mawe, mwanangu, nikiwa mtu mzima na kanga yangu imelowa hadi magotini, nikitazama maji. Ulisoma, unajua: weusi wale wenye mshipi wa njano hawakuwa mahali pengine popote. Si Moba, si Uvira, si ng'ambo. Walikuwa pale tu, kwenye mawe yasiyozidi urefu wa uwanja wa mpira, na mimi niliwamaliza kwa mabeseni sita na roho nzuri. Sikuwa na la kufanya. Hata kulia niliona aibu, kwa sababu ningemlilia nani?

Nilimwomba Papa Kiza asikuambie. Hilo ni kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilikuwa sijui. Haya, niliambiwa nikakataa kujua. La pili nilijua kila kitu.

Kisha ikaja bursi. Ulikaa sebuleni ukatusomea ile barua ya kuomba, ukifasiri kila mstari kwa ajili ya mjomba, na ulipofika kwenye "mama yangu aliwarudisha kwao" mjomba wako alipiga makofi, na papa yako, aliyekuwa amekuja kutoka kazini kwake Bendera kwa siku mbili, akavua miwani akaifuta. Mimi nilisema naenda kuangalia sufuria ya sombe jikoni. Sombe ilikuwa imeiva zamani. Nilisimama kule nikisema moyoni, akijua ataifuta hadithi hii, na akiifuta hawatamchukua. Nikasema, ngoja apate kwanza. Ulipopata nikasema, ngoja amalize sherehe. Sherehe imekwisha, na kesho ni boti.

Nadhani ningekwenda na siri hii kaburini kama si ile siku ulipokuwa ukinieleza habari za wanyama wa Madagaska. Kisiwa ambacho babu zetu wa Ujiji walikiita Bukini. Nilikuwa nachambua maharage, nawe ukinionyesha picha kwenye simu. Huyu anafanana na paka lakini si paka. Huyu ana miiba ya kalunguyeye lakini si kalunguyeye. Huyu mwenye kidole kimoja chembamba anagonga mti, anatega sikio, anamtoa mdudu, na wenyeji wengine wakimwona wanamwogopa mpaka wanamwua, maskini, kwa ajili ya kidole. Vinyonga wanaokaa juu ya ukucha. Lemuri wa kila namna, ndugu wa mbali wa nyani, na mmoja anayeimba asubuhi mpaka msitu mzima unamsikia. Nikakutania, "Na hiki kisiwa yako, hakuna hata kitu kimoja chenye kiko chenyewe?"

Ukanijibu bila kucheka, "Biko benyewe, Mama. Njo sisi tunabafananisha."

Nilipenda jibu lile. Nililipenda nikaogopa. Ukaendelea, na hukuona mikono yangu imesimama. Ukasema wazee wa wanyama wale walifika zamani sana juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko, kama yale magugu yanayotufikia hapa kutoka mito ya ng'ambo, na tangu hapo wakaachwa peke yao. Kisha ukasema hata ndani ya kisiwa kuna visiwa. Lemuri wa upande huu wa mto si lemuri wa upande ule, kwa sababu hawavuki maji. Ukasema, "Ni kama samaki yetu ya mawe, Mama. Beko na mchanga yabo."

Ulijua yote, Zuhura. Ulikuwa umeshika kila kipande mkononi, isipokuwa kimoja, na hicho nilikuwa nimekikalia mimi.

Na kazi yenyewe unayokwenda kufanya, baada ya masomo ya asubuhi, ni katika kituo kinachopokea lemuri ambao watu wamenyang'anywa. Uliniambia wanaletwa ndani ya magunia na vikapu, wengine wamefungwa kamba kiunoni, na hakuna anayejua wametolewa msitu gani, na kazi yenu ni kuwarudisha. Ulisema neno hilo hilo. Nilikaribia kupiga kelele. Nilimwona mwanangu amesimama mahali fulani pembeni mwa mto nisioujua, na kizimba mikononi, na mnyama ndani yake anayemtazama kwa macho makubwa yale ya kwenye picha, na huruma imemshika kama ilivyonishika mimi. Na hadithi anayoikumbuka, iliyompeleka mpaka pale, inamwambia fungua tu, mama yako alifungua, ikawa heri.

Haikuwa heri. Ndiyo habari nzima niliyotaka kukuandikia.

Usinisome vibaya lakini. Sisemi watu wasichanganyike. Wewe mwenyewe ni mchanganyiko, na ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyofanya. Papa yako alivuka akijua anavuka, mimi nilivuka nikijua, na tulipochoka na shangazi zangu tulijua njia ya kwa shangazi zake, ambao nao walinuna. Wale samaki hawakuvuka. Niliwavusha mimi. Nilisema kwao ni pale ninapopaona mimi kuwa pazuri, na aliyetaka kunisahihisha nilimpa jina baya mbele za watu ili anyamaze. Nimefikiri sana, na nadhani la samaki ningeweza kujisamehe. Lile la kumnyamazisha linanirudia kila nikifua nguo.

Mwaka jana nilikwenda kumwomba msamaha. Unajua masikio ya wazamiaji yanavyoziba uzeeni. Nilimkuta amekaa mlangoni pake, nikapiga magoti kabisa, nikasema yote, tangu neno la ukabila mpaka la kumwomba akufiche. Akanisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa. Nilipomaliza akatazama juu akasema, "Ndiyo, Mama. Itanyesha tu."

Nikarudia kwa sauti kubwa. Jirani akatoka kuuliza kuna msiba gani. Papa Kiza akaniambia nikaribie nikae, chai inakuja. Nikakaa nikanywa chai. Sijui la kufanya na msamaha ambao hauwezi kusikika, na siwezi kuupiga kelele mtaa mzima, au pengine naweza na ninaogopa. Kama una wazo, niambie, maana wewe ndiye msomi.

Sina shauri la maana la kukupa. Mama wengine wanajua watoto wao wanakwenda wapi na wanawaambia jihadhari na hiki na kile. Mimi sijui hata miti ya kule inanukaje. Nitakuwa hapa nikisikia mvua na kuuliza kama huko nako inanyesha, na ukiumwa mtu mwingine ndiye atakushika paji la uso. Hilo linanitesa kuliko nilivyokuonyesha wiki hii. Niliimba nikikunja nguo zako, ukadhani nina furaha.

Ninachoweza kukuomba ni kidogo. Huko kutakuwa na mtu anayejua misitu ile kwa miguu yake. Pengine hajui kusoma, pengine atanuka moshi na Kifaransa chake kitakuwa kibovu kuliko changu. Akikuambia huyu si wa hapa, usiharakishe kujua anachotaka kusema. Mwulize anaona nini. Na akikukatalia, na kizimba kimeshakuwa kizito mikononi mwako, kiweke chini kwanza. Mnyama atakukasirikia na wewe utajichukia usiku kucha. Vumilia hivyo hivyo.

Na ile hadithi yako, usiisimulie tena. Au isimulie yote. Walimu wako watakapokuuliza ulianzaje kupenda wanyama, utakuwa na kishawishi cha kusema mwanamke mmoja wa kwetu alifanya kosa. Usinifiche hivyo. Sema mama yangu. Sema Mwamini binti Saidi, aliyeandika majina kwa chaki na asiyeyasoma. Wakikunyang'anya bursi kwa ajili hiyo, rudi, na utanichukia hapa hapa nikikuona. Lakini sidhani watafanya hivyo. Nadhani nilikuwa najitetea mwenyewe muda wote na kusema ni kwa ajili yako.

Nilikuwa na mpango wa kuikunja barua hii ndani ya viatu vyako vya mvua, uikute kule, ukasirike mbali na mimi, na hasira ipoe kabla hujapata mtandao wa kunipigia. Nimeandika mpaka hapa nikifikiri hivyo. Nimebadili mawazo. Nimeshamwaga kitu kimoja na kuondoka bila kutazama nyuma.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua kilemba. Kaa hapa kitandani usome, mimi nitakaa kwenye kiti mbele yako. Sitasema kitu. Ukifika kwenye mstari huu inua uso unitazame, hata kama hutaki, kwa sababu kesho saa kama hii sitakuwa na uso wako wa kutazama, uwe wa hasira au wa namna yoyote.

Ni mimi niliyewamwaga,
mama yako, Mwamini.